Juu ya Kuandika Kiswahili: Sheria na Maneno Yasiyozifwata

Wale kati yetu waliojifunza Kiingereza kidogo, ao kwa kitabu, ao kwa kinywa cha jirani zetu wa Zambia, wanajua taabu yake. Mwalimu anatoa sheria moja asubui, na mbele ya saa sita ya mchana amekwisha kutaja maneno kumi yasiyoifwata. Tazama maneno haya: though, through, tough, cough, bough. Yote matano yanamalizika na herufi ine zilezile, na yote matano yanasomwa kwa namna mbalimbali. Wanafunzi wanacheka, kisha wanasema: "Kiswahili chetu ni kizuri zaidi, maana kinaandikwa kama kinavyosemwa."

Neno hili ninataka kulipima. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini sehemu inayobaki si ndogo, na ndiyo inayomusumbua katekista anayenakili nyimbo za Misa, na padri anayetafuta jina la kijana katika kitabu cha ubatizo. Tena, nusu ya herufi tunazotumia tulizipata kwa Waingereza. Kwa sababu hiyo inafaa kuanza kwao.

Zamani Waingereza waliandika walivyosikia. Katika neno knight, ile k ilitamkwa, na ile gh ilitamkwa kooni, karibu sawa na vile Wajerumani wanavyosema Knecht mpaka leo. Kati ya karne ya 15 na ya 18 vokali ndefu za Kiingereza zilihama katika midomo ya watu: kile kilichokuwa i ndefu kikawa ai, kile kilichokuwa e ndefu kikawa i, na vivyo hivyo. Lakini wakati uleule chapa ilikuwa imefika, na chapa haihami. William Caxton, mufanya biashara, alichapa kitabu cha kwanza cha Kiingereza katika muji wa Brugge, karibu na mwaka 1473, kisha akafungua nyumba yake ya chapa pale Westminster mwaka 1476. Jina la Brugge si geni kwetu. Karibu na muji ule iko abasia ya Sint-Andries, walikotoka Wabenedictini waliokuja Katanga tangu mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne. Sasa, wenye elimu ya luga wanaeleza kwamba ile h katika neno ghost ilitoka katika mazoea ya wafanyakazi wa chapa waliozoea Kiflama, maana Waflama waliandika gheest. Basi herufi moja ya Flandria imekaa miaka zaidi ya mia tano ndani ya jina la zamani la Kiingereza la Roho Mutakatifu, na hakuna sikio linaloisikia.

Nyuma ya wachapaji walikuja watu waliopenda Kilatini kuliko walivyopenda sikio lao. Musomaji anayejua Kilatini atawatambua mara moja. Neno dette lilitoka Ufaransa bila b. Wao wakakumbuka debitum, wakaandika debt. Kwa ajili ya dubitare wakatia b katika doubt, na kwa ajili ya receptum wakatia p katika receipt. Hata walikosa wazi: neno la kisiwa, island, wakalitilia s kwa kuwaza insula, kumbe neno lile ni la Kiingereza cha kale na halina undugu na Kilatini. Mwaka 1755 Samuel Johnson akatoa kamusi yake kubwa, na mengi ya mambo hayo yakapigwa misumari. Noah Webster kule Marekani aliondoa machache katika kamusi yake ya mwaka 1828. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyekufa mwaka 1950, aliacha feza katika wosia wake kwa ajili ya alfabeti mupya ya Kiingereza. Mwaka 1962 tamthilia yake moja ilichapwa kwa alfabeti hiyo, na mambo yakaishia pale.

Ninaeleza haya kusudi tuone kwamba maneno yasiyofwata sheria hayakuzaliwa kwa upumbavu. Kila moja lina sababu yake, na mara nyingi lina mwaka wake. Ni vilevile kwetu, na miaka yenyewe inajulikana.

Mbele ya herufi za Kilatini, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata maisha ya mutu aliyejulikana sana katika Kongo ya mashariki, Tippu Tip wa Kasongo, yaliandikwa hivyo: yeye mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili, na Mujerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Herufi za Kiarabu zilifaa kwa maneno ya Kiarabu. Kwa maneno ya Kibantu zilikuwa kama nguo ya mutu mwingine: alama za vokali ni tatu tu, na e inachanganyika na i, o inachanganyika na u; tena p, ch, g na v hazina pahali pao. Aliyekwisha kujua shairi alilisoma vizuri. Asiyelijua alikisia.

Mumisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kitabu chake cha sarufi, kilichotoka Tübingen mwaka 1850, kinaita luga hii Kisuaheli. Kamusi yake, iliyotoka mwaka 1882 nyuma ya kufa kwake, inasema Suahili. Hata jina la luga lilikuwa bado kutulia. Aliyelituliza zaidi ni Edward Steere, Mwanglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874. Kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja ndicho chanzo cha maandishi tunayoyaona leo. Yeye alifwata kanuni waliyoipenda wamisionari wengi wa Uingereza wakati ule: vokali zisomwe kama katika Kiitaliano, na konsonanti kama katika Kiingereza. Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilichukua kanuni ileile kwa ajili ya ramani mwaka 1885.

Kanuni ni nzuri, lakini tuulize: konsonanti za Kiingereza gani? Ch ya Kiingereza ina sauti tatu: moja katika church, ya pili katika chorus, ya tatu katika machine. Steere alichukua ile ya kwanza, akaziacha mbili. Ndiyo faida aliyokuwa nayo mugeni: aliweza kuchagua, jambo ambalo Mwingereza katika luga yake mwenyewe hakuweza tena. Kwa hiyo Kiswahili kilipata herufi za Kiingereza bila magonjwa yake, ao karibu bila magonjwa yake.

Ninasema karibu. Hata Kiswahili cha Unguja kina maneno yanayotoroka. Paa la nyumba na paa wa porini yanaandikwa sawasawa, lakini Muswahili wa pwani hayasemi sawasawa: la pili lina pumzi. Kaa la moto na kaa wa baharini ni vivyo hivyo. Neno barabara likivutwa kwa silabi ya tatu ni njia kubwa, likivutwa kwa silabi ya pili ni kusema sawasawa kabisa, na herufi hazionyeshi kitu. Padri Charles Sacleux, wa Mapadri wa Roho Mutakatifu, aliyefika Unguja mwaka 1879, aliyasikia hayo yote kwa sikio lake la ajabu. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, ina alama nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha luga hii. Kwa mwenye elimu ni hazina. Kwa mutoto wa masomo ingekuwa muzigo, na hakuna serikali iliyomufwata.

Sasa tuje upande wetu. Kiswahili kilifika Katanga kwa njia nyingi, na wafanya biashara wa pwani walitangulia. Msiri alipotawala Bunkeya, wageni waliomwona ao waliosikia habari zake waliandika jina lake kila mumoja kwa sikio lake: Msiri, M'siri, Mushidi. Mumisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliita inchi ile Garenganze, na ndilo jina la kitabu chake cha mwaka 1889. Mufalme wa Walunda alipata taabu zaidi. Livingstone aliandika Matiamvo. Mujerumani Paul Pogge katika kitabu chake cha mwaka 1880 aliandika Muata Jamwo, kwa sababu j ya Wajerumani ni y yetu. Mureno Henrique de Carvalho aliandika Muatiânvua. Wengine Mwata Yamvo, na leo katika Katanga tunaandika Mwant Yav. Musomaji asiye na mwalimu angeweza kuhesabu wafalme watano.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Wengi wao walikuwa Wafaransa, na Mufaransa hana herufi moja ya sauti u, anaandika ou. Kwa hiyo katika barua zao za Kifaransa tunasoma Oudjidji na Ounyanyembé, na mpaka leo Kifaransa kinasema Ouganda. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, kilichoanzishwa na Émile Storms miaka miwili mbele yake, na mwaka 1893 walianza Baudouinville, inayoitwa leo Kirungu, upande wa Moba. Lakini walipoandika Kiswahili chenyewe hawakuandika ou. Walichukua u ya Unguja. Kule Mpala ndiko Stefano Kaoze alijifunza Kilatini katika seminari ndogo, yeye aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani. Alizoea basi maandishi manne kwa wakati mumoja: ya Kitabwa cha kwao, ya Kiswahili, ya Kilatini na ya Kifaransa. Tangu mwaka 1910 alikuwa amekwisha kutoa maandishi yake ya kwanza kwa Kifaransa juu ya mawazo ya Wabantu. Ningependa seminari zetu zimusome zaidi kuliko zinavyofanya.

Serikali ya Wabelgiji nayo ilichukua u badala ya ou katika majina ya pahali. Ni bahati iliyoje! Tazama ngambo ya muto, katika Kongo ya Brazzaville, walikotawala Wafaransa: Ouesso, Mouyondzi. Kama wangalitawala huku, muji wetu ungaliandikwa Louboumbachi. Lakini Wabelgiji hawakuchukua konsonanti zote za Kiingereza. Walichukua sh, kama Lubumbashi inavyoonyesha. Walipofika kwa ch walisita, maana mutu aliyesoma Kifaransa akiona ch anasoma sh. Kwa hiyo waliandika tsh: Tshikapa, Tshopo, Tshiluba, Tshombe. Na kwa j waliandika mara nyingi dj, kama katika Djugu kule Ituri. Hii ndiyo sababu mupaka wa Kasumbalesa ni mupaka wa herufi pia. Ngambo ya kusini watu wanaandika Chingola na Chililabombwe. Ngambo yetu sauti ileile, katika jina la ukoo uleule, inaandikwa kwa herufi tatu.

Wakati huohuo inchi za mashariki zilikuwa zinafunga mambo yao. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa na kuchagua Kiswahili cha Unguja kiwe musingi wa vitabu vya masomo. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Kiswahili ya inchi ine: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamati ilisoma vitabu mbele ya kuchapwa na kusahihisha maandishi yake. Shirika moja la Ulaya la wataalamu wa Afrika lilikuwa limeshauri alfabeti yenye herufi mupya, moja yao ikiwa n yenye mukia kwa sauti ya kwanza ya neno ng'ombe. Waswahili hawakuikubali, walibaki na ng na kialama juu yake. Mashine za kuandika za wakati ule hazikuwa na n yenye mukia. Sababu kama hii inaonekana kuwa ndogo, lakini mambo mengi ya maandishi yaliamuliwa na mashine.

Kongo ya Wabelgiji haikuwa katika Kamati ile. Kwa hiyo hakuna mutu aliyetulazimisha, na hakuna aliyetusaidia.

Tuone basi kile kilichotokea katika Elisabethville. Muji ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Wafanyakazi wa Union Minière walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, na baadaye Rwanda na Burundi. Kila mumoja alikuja na luga yake, na Kiswahili kikawa uwanja wa wote. Kiswahili kile kiliota mizizi yake hapa. Watu walisema, na wanasema, mayi kwa maji, moya kwa moja, kuya kwa kuja. Bantu kwa watu. Apa na uyu bila h. Njo vile kwa ndivyo hivyo. Profesa Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikubwa cha Elisabethville, alikieleza katika makala yake ya mwaka 1968, na Walter Schicho akakiandikia kitabu mwaka 1982. Si Kiswahili kilichovunjika. Kina sheria zake, na mutoto wa Katuba akikosa sheria hizo wenzake watamucheka mara moja.

Lakini kile kilichofundishwa masomoni na kusomwa kanisani ni kingine. Watu wanakiita Kiswahili bora. Na kati ya viwili hivi katekista anakaa kama mutu mwenye mabwana wawili. Anasoma dhambi katika kitabu kilichotoka Tanzania, na kinywa chake kinasema zambi, maana sauti ile ya Kiarabu haijulikani hapa. Anaona h pahali sikio lake halisikii h. Basi akiandika mwenyewe, ao anaiacha, ao kwa kuogopa anaitia hata pahali isipotakiwa: anaandika hakili kwa akili. Mwenye kumucheka akumbuke kwamba Waroma walikosa hivyohivyo. Orodha moja ya kale, inayoitwa Appendix Probi, inasahihisha makosa 227 ya watu waliosema Kilatini cha njiani, na baadhi yake ni ya h iliyoangushwa. Na Mutakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake, analalamika juu ya walimu waliochukizwa na mutu aliyesema homo bila h kuliko na mutu aliyemuchukia mwanadamu mwenzake.

Musomaji ameona pia kwamba katika kurasa hizi tunaandika mutu, inchi, luga, feza. Tanzania wanaandika mtu, nchi, lugha, fedha. Namna yetu ni ya vitabu vingi vya dini katika Kongo: inafwata kinywa cha watu wetu kwa sauti zile, lakini inaacha mayi na bantu inje ya mulango. Ni kusema, imekata njia katikati. Nani aliamua kwamba u ya mutu inastahili kuandikwa, na y ya mayi haistahili? Sioni sababu ya luga yenyewe. Ninaona desturi tu, na desturi hii ilikuwa na faida yake: kitabu kimoja kiliweza kusomwa Lubumbashi, Kalemie na Bukavu.

Kuna ushuhuda mumoja mukubwa wa mutu aliyeandika bila kuuliza ruhusa kwa yeyote. Mwaka 1965, chama cha watu waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu kilitoa kijitabu kilichopigwa kwa mashine, chenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mutungaji wake ni André Yav. Si kamusi, hata jina likisema hivyo. Ni historia ya muji na ya inchi, tangu siku za Msiri na kufika kwa Wabelgiji, ilivyoonekana kutoka jikoni na kutoka nyuma ya nyumba. Mambo yasiyopatikana katika vitabu vya serikali yamo humo: kazi, mishahara, majina ambayo watumishi waliwapa mabwana wao.

Maandishi yake yanamushinda musomaji wa mara ya kwanza. Neno moja mara linakatwa vipande viwili, mara linaungana na jirani yake. Herufi za Kifaransa na za Kiswahili bora zinachanganyika katika mustari mumoja. Nukta haziko pahali zinapotazamiwa. Johannes Fabian, aliyechapisha kijitabu hiki mwaka 1990, aliona kwamba macho peke yake hayatoshi. Alimwomba Kalundi Mango, mutu wa Lubumbashi, akisome kwa sauti. Na mara sauti ilipotoka, maneno yalijitenga yenyewe, maana ikaonekana, na kile kilichoonekana kuwa fujo kikawa masimulizi ya muzee anayejua kusimulia.

Jambo hili linastahili kufikiriwa na watu wa seminari. Sisi tunasoma kimya, na tunadhani ndiyo kusoma. Lakini Augustino huyohuyo, alipomuona Ambrosio akisoma bila kutoa sauti, alishangaa hata akaliandika. Vitabu vya wakati ule havikutenga maneno vizuri. Sauti ndiyo iliyoyatenga. André Yav aliandika kwa ajili ya sauti. Ukimuhukumu kwa kanuni ya Kamati ya mwaka 1930, amekosa katika kila mustari. Lakini alifikisha historia yake kwa watu wake, jambo ambalo vitabu vingi vyenye maandishi safi havikulifanya.

Kisha ulikuja wakati wa kusahihisha kwa nguvu ya serikali. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire, na hapo kuna kichekesho kidogo: walitafuta jina la asili, na walilolipata ni neno la Kikongo nzadi, ni kusema muto, kama Wareno walivyolisikia vibaya na kuliandika karne nyingi zilizopita. Kosa la sikio la mabaharia likakaa juu ya feza na juu ya vitambulisho kwa miaka mingi. Katika Mei 1974 wenye elimu ya luga wa inchi nzima walikutana hapahapa Lubumbashi, wakakubaliana juu ya alfabeti moja kwa luga zote za inchi. Kusudi lao lilikuwa jema: sauti moja, herufi moja. Tangu pale, katika vitabu vyao tunaona Ciluba, kwa c moja badala ya tsh. Lakini uende katika ofisi ya muji, ao usome mbao za maduka: tsh ingali pale. Mutu aliyezaliwa Tshibangu hataki kuwa Cibangu kwa sababu ya mukutano. Mimi ninamuelewa. Kwake si sauti tena. Ni sahihi ya baba yake.

Na Kanisa? Tarehe 4 Desemba 1963 Mutaguso wa Vatikano ulifungua mulango wa luga za watu katika liturjia, na tangu pale kila kosa dogo la herufi liliweza kufika altareni. Lakini tofauti kubwa ilikuwa imekwisha kuwako. Wakatoliki wengi wa Kongo wanaandika Yezu Kristu, Waprotestanti Yesu Kristo. Kristu yuko karibu na Christus wa Kilatini, Kristo na Christos wa Kiyunani, na Bwana ni mumoja. Kwa miaka mingi ilitosha kuona vokali ya mwisho katika kijitabu cha nyimbo, ukajua kimetoka misioni gani, na kama mutoto wako anaruhusiwa kukifungua. Leo, wanapotafsiri Maandiko pamoja, vokali ile ingali inaleta mazungumzo marefu kuliko maneno mengi mazito ya imani.

Ninamaliza na vitabu vya ubatizo, kwa maana humo herufi inaweza kumuzuia mutu asifunge ndoa. Kanuni 535 ya sheria ya Kanisa inaagiza kwamba ndoa iandikwe pembeni mwa jina katika kitabu cha ubatizo. Basi parokia inapoomba cheti, lazima jina lipatikane. Lakini mapadri walioandika vitabu vile walikuwa Waflama, Wavalonia, Waitalia, kisha sisi wenyewe, na kila mumoja alikuwa na sikio lake. Ngoy, Ngoie, Ngoi. Kyungu na Kiungu. Mwamba na Muamba. Chola na Tshola. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina mawili, kwa sababu mumoja alibatizwa Kamalondo na mwingine kijijini. Tena tangu mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristu katika vitambulisho. Basi wengi waliobatizwa miaka ile wanakuja na karatasi isiyotaja Yosefu wala Maria. Muandishi wa parokia mwenye uzoefu anatafuta kwanza kwa tarehe na kwa jina la mama, kisha kwa jina la mwenyewe: chini ya C, chini ya T, na, kama padri wa wakati ule alitoka Italia, hata chini ya herufi ambayo hakuna mutu aliyeitazamia. Akilipata, haandiki tena juu ya jina la zamani. Anaacha herufi kama zilivyo, na pembeni anaandika namna ya leo.